Mkono Kwanza, Garo Baadaye

Wajukuu zangu wa Buyenzi, nyinyi wa gereji na nyinyi mnaoshuka kwa baiskeli na ndizi kutoka Bugarama, kisha mkapanda tena huku mmeshikilia malori, sikilizeni neno la muuguzi mzee.

Nawaona mkipitishiana kwenye simu picha za XStat, lile bomba la sindano la Wamarekani lililojaa visponji kama vidonge. Si uongo. Jeshi lao liliruhusiwa kuitumia mwaka 2014, raia mwaka uliofuata. Huingizwa kwenye jeraha la kinenani au kwapani, pale ambapo mkanda haufungiki. Visponji hunywa damu, huvimba, hubana mshipa kutokea ndani. Ila kila kisponji kimetiwa alama inayoonekana kwa eksirei, maana lazima daktari wa upasuaji avitoe vyote. Bila daktari mbele yake, kazi yake haijaisha.

Na kinachookoa pale ni kubana. Mikono yenu inabana. Mtu akipasuka paja, weka kitambaa penyewe damu inapotokea, nyoosha mikono, likandamize jeraha kwa uzito wako wote, wala usifunue kila mara kuchungulia. Shimo likiwa na kina, sindika kitambaa mpaka chini, kisha bonyeza. Atapiga kelele na kukutukana. Mwache atukane.

Mkono au mguu ukizidi kumwaga, hapo ndipo garo, yaani mkanda wa kukaza. Iwe pana, juu ya jeraha kidogo, isikae kwenye goti wala kiwiko. Ikazwe kwa kijiti mpaka damu ikome, saa iandikwe, na isilegezwe njiani. Sisi wa zamani tulifundishwa kuiogopa, tukiambiwa mguu utakatwa. Vita vya Iraki na Afghanistani viliwafanya madaktari wabadili mawazo. Lakini waya na kamba nyembamba hukata nyama, na zile garo za bei ya chini za bandia, vijiti vyake huvunjika wakati wa kukaza.

Kuna pia shashi iliyotiwa kaolini, udongo mweupe unaohimiza damu kuganda. Najua mmoja wenu ataukimbilia udongo wa mlimani. Asithubutu! Ule wa shashi umesafishwa na kuuliwa vijidudu; wa mlimani unaleta pepopunda. Majivu na kahawa vivyo hivyo.

Dawa ninayoipenda mimi haina sura ya kupigwa picha. Ni asidi ya traneksamiki, ya kuchomwa mshipani. Utafiti wa CRASH-2, uliotangazwa mwaka 2010, ulihusisha nchi 40 na majeruhi zaidi ya 20,000, ukaonyesha kwamba inapunguza vifo, mradi itolewe ndani ya saa 3. Ikichelewa zaidi inaweza kudhuru. Kwa hiyo msimzungushe majeruhi kwa waganga wa mtaani. Mpelekeni hospitali ya Prince Régent Charles moja kwa moja, mkono ukiwa bado juu ya jeraha. Huko nako atahitaji damu, na hiyo hakuna kiwanda kinachoitengeneza. Mwenye afya aende kituo cha kuchangia damu kabla hajaombwa na mtu anayelia.

Ijumaa baada ya Alasiri njooni barazani kwangu na mashati makuukuu. Bucha ameniahidi kipande cha paja la ng'ombe. Tutalitoboa, kila mmoja asindike kitambaa mpaka nimwambie basi.