Ukipotea, Uliza Watu

Wajukuu zangu, acheni kusema "kichwa changu hakishiki". Mmesikia samaki mkunje angali mbichi, mkadhani mkifika miaka ishirini mmeshakauka.

Tazameni madereva wa teksi nyeusi za London. Hawapewi leseni mpaka wahifadhi kichwani mitaa ipatayo 25,000 kuzunguka Charing Cross, kazi ya miaka mitatu au minne, na wengi hufeli. Mwaka 2000 mwanasayansi Eleanor Maguire na wenzake walichapisha vipimo vya ubongo wa madereva 16, vilivyofanywa kwa mashine ya MRI. Sehemu ya nyuma ya hipokampasi, inayoshughulika na kumbukumbu za mahali, ilikuwa kubwa kuliko ya watu wengine, na kadiri dereva alivyokaa kazini ndivyo ilivyozidi.

Pengine walizaliwa hivyo? Wanasayansi nao walijiuliza. Wakawapima wanagenzi 79 kabla ya mafunzo, na hawakutofautiana na watu wengine. Miaka kadhaa baadaye, waliofaulu, watu 39, walikutwa sehemu hiyo imeongezeka. Waliofeli, hakuna badiliko. Matokeo yalitoka 2011. Na hao ni watu wazima, si watoto wa chekechea!

Linalonitia hofu kwa ajili yenu ni habari ya madereva wa basi. Nao wanashinda kwenye barabara za London ile ile, ila kwa njia zilizopangwa. Walipolinganishwa na wenzao wa teksi, ukuaji ule haukuonekana kwao.

Sasa wewe umezaliwa Temeke, unakwenda Kariakoo, bado simu ndiyo inakuambia kata kushoto. Sisemi simu inakula ubongo. Uchunguzi ule haukupima simu. Nasema kazi usiyoifanya mwenyewe haikujengi. Wala msidhani faida huja bure: madereva wale wa teksi, sehemu ya mbele ya hipokampasi ilikuwa ndogo, na walikuwa wazito kukumbuka michoro mipya. Kwa hiyo chagueni mnachouzoesha ubongo, maana haubagui. Hata kuperuzi video mpaka usiku wa manane, ubongo utazoea.

Jumapili mkienda kwa shangazi yenu, simu zikae mfukoni. Shikeni njia kwa kuangalia msikiti, sheli, kona ya kwa muuza chipsi. Mkipotea, ulizeni watu.