Nta ya Majani na Jasho la Mtu

Huku ughaibuni baadhi ya vijana wetu wamekuwa vegani: hawali nyama, samaki, maziwa, mayai, wala hata asali. Wazazi huwashangaa, lakini tukubali kwamba wametufunza kusoma maandishi madogo nyuma ya pakiti. Humo hutajwa kinachozipa peremende mng'aro wake. E901 ni nta ya nyuki. E904 ni shelaki, utomvu wa mdudu anayefugwa India na Thailand. E902 hutokana na kichaka cha jangwani Mexico, na E903 ni karnauba, nta ya majani ya mti wa jamii ya mitende uotao kaskazini-mashariki mwa Brazil.

Kwa hesabu ya vegani, E902 na E903 zinafaa, kwani hamna mnyama ndani yake. Je, swali limekwisha?

Karnauba haijidondoshi yenyewe. Wakati wa kiangazi, mtu husimama juani akakata majani kwa mundu uliofungwa kwenye ufito mrefu. Majani huanikwa, kisha hupigwa mpaka unga wa nta utoke. Zaidi ya mara moja wakaguzi wa kazi wa Brazil wamewakuta wakataji katika hali ambayo sheria ya nchi hiyo huihesabu sawa na utumwa, na mwaka 2017 televisheni ya ARD ya Ujerumani iliyaonyesha mambo hayo.

Muwa nao hauna damu, lakini mwaka 1791 familia nyingi za Uingereza ziliacha kula sukari ya Karibi kwa sababu ililimwa na watumwa. Nasi tuliotoka Unguja na Pemba tunajua mashamba ya karafuu ya karne ya 19 yalipandwa kwa mikono ya nani.

Hatusemi nta hii isusiwe. Kuna vijiji vinavyoishi kwayo, na kuisusa huenda kukamnyima mkataji hata hicho kidogo apatacho. Tunasema tu kwamba anayemhurumia nyuki asimsahau mtu. Tuwaandikie watengenezaji, tuwaulize nta yao imekatwa na nani na kwa ujira gani. Swali la mnyama lilianza kwa watu wachache, wakaonekana wasumbufu. Leo jibu lake limechapwa kwenye pakiti. Na hili la mkataji tuliulize vivyo hivyo, bila kuchoka.