Na Tope Aliliweka Nani?

Kanisa la Carmo mjini Lisbon halina paa, na kila mgeni anayepanda kilima kulipiga picha huambiwa sababu: tetemeko la ardhi la Jumamosi, tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote. Ni kweli, ila haijakamilika. Mwaka uliofuata watu walianza kulijenga upya, na baadhi ya matao yanayopigwa picha leo ni kazi ya mafundi wa baada ya tetemeko. Mwaka 1834 mashirika ya kitawa yakapigwa marufuku, ujenzi ukasimama, kisha watu wakapendezwa na gofu lilivyo, wakaliacha. Paa liliangushwa na ardhi. Kutorudishwa kwake ni shauri la binadamu.

Nasomea uhandisi wa majengo mjini humu, na kwetu ni Bukoba. Ndiyo maana wenzangu wakienda kuota jua Cascais, mimi nazunguka kwa miguu nikichungulia kuta za watu. Kwetu tetemeko lilikuja tarehe 10 Septemba 2016, nalo Jumamosi, alasiri. Ukubwa wake ulikuwa 5.9, mbele ya lile la Lisbon ni dogo, lakini liliua watu zaidi ya kumi na tano. Kwenye mazishi ya jirani yetu mhubiri alisema Mungu ametukumbusha. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Niliutazama ukuta uliomuua marehemu, tofali za kuchoma zilizoshikanishwa kwa udongo, nondo hata moja hamna, nikajiuliza Mungu ametukumbusha kitu gani ambacho fundi hakukijua.

Lisbon nayo ilijiuliza. Asubuhi ile makanisa yalijaa na mishumaa ilikuwa inawaka altareni. Kuta ziliwaangukia waumini, moto ukateketeza mji siku kadhaa, na waliokimbilia ukingo wa mto Tagus wakafuatwa huko huko na maji ya bahari. Alfama, mtaa wa mabaharia na wavuvi ambao hakuna aliyeudhania utakatifu, ulinusurika kwa sehemu kubwa. Padri Gabriel Malagrida, Mjesuiti, alichapisha kijitabu mwaka 1756: chanzo ni dhambi za wakazi, si nguvu za asili, na laiti watu wangetubu kwa bidii ile ile waliyoitia katika kujenga vibanda. Waziri Pombal, aliyekuwa akihangaika na hivyo vibanda, alimhamisha kutoka mjini. Mwaka 1761 Malagrida alihukumiwa kwa uzushi, akanyongwa na mwili wake kuchomwa moto katika uwanja wa Rossio.

Hatua chache kutoka Rossio, mbele ya kanisa la São Domingos, kuna jiwe la kumbukumbu lenye nyota ya Daudi. Hapo ndipo yalipoanzia mauaji ya Aprili 1506. Kulikuwa na tauni na ukame, watu wakisali wahurumiwe, wakaona mwanga msalabani na kuuita muujiza. Mmoja wa Wakristo Wapya, yaani Wayahudi waliobatizwa kwa lazima mwaka 1497, inasemekana alitamka kuwa ni mwanga wa mshumaa tu. Waliburura mwili wake nje, na kwa siku tatu wakaua wenzake kwa mamia na mamia. Basi katika eneo hilo hilo dogo mmoja aliuawa kwa kutaja sababu ya kawaida, mwingine baada ya kutaja ya mbinguni. Sidhani wauaji walitofautiana sana.

Ukishuka kutoka hapo unaingia Baixa, mitaa iliyonyooka aliyoijenga Pombal. Eneo hili ni bonde la zamani lenye tope na mchanga ulioletwa na maji. Alfama imekaa juu ya mwamba. Mhandisi angeishia hapo. Katika duka moja plasta imeachwa wazi ili wateja waone ukuta ulivyo ndani: mbao zimepishana kama herufi X, misumari ya chuma imeshika maungio, katikati kumejazwa mawe na chokaa. Fremu hiyo huyumba na ardhi badala ya kupasuka. Chini yake kuna nguzo za msonobari zilizopigiliwa kwenye tope, nazo hudumu maadamu maji yanayozizunguka hayajakauka. Nilisimama pale mpaka muuzaji akaniuliza kama nanunua.

Nilimpigia bibi kumsimulia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Bado unakagua kuta za Wazungu?"

Nikamweleza habari ya mwamba na bonde. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya. Na tope aliliweka nani?"

Sikuwa na la kumjibu. Nasali, na sijui kumtoa Mungu kwenye tope nikambakiza kwenye mwamba. Ninachoweza kusema ni kwamba maneno "ni mapenzi ya Mungu" hubadilika kulingana na anayeyatamka. Ayubu aliyasema akiwa kwenye majivu. Rafiki zake walipomweleza sababu za mateso yake, mwisho wa kitabu ni wao waliokaripiwa. Mfiwa akiyasema ni unyenyekevu. Akiyasema aliyeuza tofali mbovu, ni kinga.

Mwanafalsafa Rousseau alimwandikia mwenzake Voltaire, Agosti 1756, kwamba si maumbile yaliyorundika Lisbon nyumba za ghorofa sita na saba. Nakubaliana naye nusu. Aliyejenga kwa udongo kule kwetu hakukosa akili, alikosa hela ya saruji, na kumtupia lawama yeye ni mahubiri yale yale yaliyovuliwa kanzu. Lawama inabidi ipande juu, kwa anayepanga bei, anayetoa kibali bila kufika kwenye kiwanja, na sisi tunaosomeshwa halafu haturudi.

Hilo la mwisho bibi ndiye aliyelisema, si mimi. Kisha akataka kujua nondo za milimita 12 ziende ngapi kwenye linta ya vyumba vitatu, maana fundi anaanza Jumatatu, na Jumapili padri anakuja kubariki msingi.