Mkeka Unakungoja, Inuka

Wewe uliyelala Kiogoro, Kisii, ukisikiliza mvua ikipiga mabati, mgongo umekaza kama ubao, shingo haigeuki mpaka ugeuze na mabega: nina neno nawe. Pengine pikipiki iliteleza kwenye matope. Pengine ni mkungu wa ndizi, uliojitwika kichwani kama miaka yote, ila siku hiyo shingo ikakataa. Au ni kapu la majani chai. Sasa wiki zimepita, majirani wanakuja kukupa pole, na kila mmoja ana neno lile lile: lala tu, usijisumbue.

Wanakupenda. Lakini ushauri huo unakumaliza polepole.

Misuli isiyotumika hunywea. Kiungo kisichonyooshwa hukakamaa. Na mwili uliozoea kuogopa kuinama huendelea kuuma hata jeraha likiwa limeshapona. Desemba 2023, Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake kuhusu maumivu sugu ya kiuno, mazoezi na elimu kwa mgonjwa vilikuwa miongoni mwa tiba lilizopendekeza. Shirika hilo lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno. Huko peke yako, ndugu yangu.

Kwanza upimwe. Miguu au mikono ikilegea, ukipata ganzi katikati ya mapaja, mkojo au choo kikikushinda, au homa ikiandamana na maumivu, nenda leo leo Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Na aliyeumia shingo ajalini asipakatwe kwenye bodaboda, jamani! Aachwe alale pale alipo, kichwa kishikwe kisitikisike, mpaka gari la wagonjwa lifike. Wangapi wamepooza kwa haraka ya wasamaria wema?

Ukishaambiwa hakuna cha kupasuliwa, kazi ni yako. Wazee wetu wa Gusii walikuwa na ababari, mabingwa waliounga mifupa, wakatibu omogongo, yaani mgongo, wakathubutu hata kupasua fuvu. Mgonjwa wa siku hizo alivumilia kisu. Wewe unaombwa uvumilie mkeka.

Utandike sakafuni. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikanyage chini. Kaza tumbo, kisha inua makalio taratibu mpaka mwili unyooke kutoka magotini hadi mabegani. Hesabu hadi tano. Shuka polepole. Mara ya kwanza mapaja yatatetemeka na jasho litakutoka kana kwamba umelima shamba zima. Hiyo ni misuli inayoamka. Kwa shingo, kaa wima, rudisha kidevu nyuma bila kuinamisha kichwa, vuta mabega yakutane mgongoni, achia. Mtaalamu wa fiziotherapia akuonyeshe mara ngapi na kwa kadiri gani, na umrudie hata unapoona nafuu. Wengi hukimbia kliniki siku maumivu yanapopungua, na hapo ndipo kazi hasa inapoanza.

Na aliyekatika uti wa mgongo je? Mwaka 2012 Zack Kimotho, aliyepooza baada ya kupigwa risasi, aliondoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu akielekea Afrika Kusini, ili Wakenya wachange kijengwe kituo cha kuwarekebisha waliovunjika uti. Kwake na kwa wenzake, kujihamisha kutoka kitandani hadi kitini bila kubebwa ni ushindi, na kukwepa vidonda vya kulalia ni uhai wenyewe. Mikono ya kujihamisha nayo hufunzwa, siku baada ya siku.

Basi kesho asubuhi, kabla ya chai, shuka kitandani kwa ubavu: miguu kwanza, kisha jisukume kwa mkono. Fanya zoezi lako. Halafu toka nje utembee hadi kwenye lango. Kesho kutwa, hadi kwenye mparachichi wa jirani. Kilima kile cha kwenda barabarani kinakutisha, najua. Kipande hata nusu, shika ua upumue, urudi. Wiki ijayo utaongeza hatua kumi.