SHADA LA UZI MKUUKUU
Neno la Majilio kwa nyumba za Wakristo. Somo: Kutoka 35:20–29



Majilio yakaribia, na katika nyumba nyingi laulizwa swali moja: Mwaka huu tutapamba kwa nini? Mwenye fedha hujibu upesi. Asiye nayo hunyamaza, na wakati mwingine kunyamaza kwake ni uchungu. Kwa hiyo nataka kusema nanyi leo juu ya kitu kidogo, yaani shada la Majilio, na jinsi liwezavyo kutengenezwa nyumbani kwa uzi wa nguo kuukuu pasipo gharama. Kitu ni kidogo, lakini niliona kwa macho yangu kwamba kwa kitu kidogo kama hiki mtu aweza kufukuzwa katika nyumba ya Mungu.

Kwanza tujue asili ya desturi hii. Alikuwako mtumishi wa Injili katika nchi ya Ujerumani, jina lake Johann Hinrich Wichern, aliyezaliwa Hamburg mwaka 1808. Mwaka 1833 alifungua karibu na mji ule nyumba ya kulea watoto maskini walioachwa bila malezi, nayo ikaitwa Rauhes Haus. Yasimuliwa kwamba watoto wale walikuwa wakimwuliza kila siku, Je, Noeli imefika? Basi katika Majilio ya mwaka 1839 alitwaa gurudumu kuukuu la gari, akapanga juu yake mishumaa midogo myekundu 20 na mikubwa myeupe 4. Kila siku ya kazi uliwashwa mdogo mmoja, na kila Jumapili uliwashwa mkubwa mmoja, hata watoto wakaweza kuhesabu kwa nuru siku zilizosalia. Mwaka ule Jumapili ya kwanza ya Majilio ilikuwa tarehe 1 Desemba. Ndiyo sababu hesabu yake ilikuwa 24. Majani mabichi yaliongezwa baadaye, na siku hizi nyumba nyingi huweka mishumaa minne tu.

Angalieni, ndugu zangu: shada la kwanza halikutoka dukani. Lilikuwa gurudumu lililokwisha kazi, likawekwa mbele ya watoto wasio na kitu. Basi amwaibishaye maskini kwa ajili ya shada amelisahau shina la jambo lenyewe.

Wako wanaosema, Desturi hii ni ya ugenini, yatuhusu nini? Nao wengine husema, Asiye na shada si Mkristo kamili. Wote wawili wajibiwe kwa neno moja. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika sehemu yake ya saba, lafundisha kwamba umoja wa Kanisa watoshelezwa na kuhubiriwa Injili kwa usafi na kutolewa Sakramenti kama ipasavyo. Taratibu zilizowekwa na watu si lazima ziwe sawa mahali pote. Kwa hiyo shada si amri, wala si dhambi. Likitusaidia kumngojea Bwana, na tulitumie. Likitufanya kudharauliana, na liondolewe mezani.

Sasa na tulitazame somo letu. Israeli walipoijenga Maskani, watu walileta vitu vya dhahabu, na nguo za rangi za thamani. Lakini Maandiko hayakuishia hapo. Yanawataja wanawake wenye hekima waliosokota kwa mikono yao wenyewe wakaleta walichosokota, na wengine ambao mioyo yao iliwahimiza wakasokota singa za mbuzi. Singa za mbuzi, ndugu zangu! Ni kitu cha zizini. Lakini katika sura ya 36 twasoma kwamba kwa singa hizo yalifanyizwa mapazia 11 ya hema juu ya Maskani. Dhahabu ilikaa ndani, na kazi ya wasokotaji ikaifunika. Mungu hakuipanga mistari miwili ya watoaji, mmoja wa wenye dhahabu na mwingine wa wenye mbuzi. Tena katika sura hiyo hiyo twasoma kwamba vitu vilipotosha, Musa alitangaza watu waache kuleta. Yako matangazo ya kuwaambia watu walete, na yako matangazo ya kuwaambia basi, yatosha. Mimi sikuyajua hayo ya pili mpaka nilipofundishwa na mama mmoja mjane.

Mwaka mmoja, Jumapili iliyotangulia Majilio, nilisimama mbele ya usharika nikatangaza kwamba kila nyumba na iweke shada. Tena nikaongeza kwa akili zangu mwenyewe kwamba nitapita kuyatazama, na nyumba yenye shada zuri kuliko yote itatajwa kanisani. Nilidhani nawatia watu moyo. Kumbe nilitia shindano mahali ambapo ilipasa kutiwa sala. Juma lile watu walishuka sokoni kununua mapambo ya kumeta-meta. Wawili niliowajua baadaye walikopa fedha. Na mama mmoja mjane, alaye kwa jasho lake na kuwalea wajukuu watatu, hakuonekana kanisani Jumapili ya kwanza, wala ya pili.

Nilimwuliza mwalimu wa mtaa, Je, mama ni mgonjwa? Akainama, akasema, “Mchungaji, si mgonjwa. Asema hana la kuonyesha, basi afadhali asionekane.”

Neno lile lilinichoma. Kwetu huku mlimani Kilimanjaro, tangu siku za wazee, mtu aliyemkosea mwenziwe humwendea na jani la isale, na jani hilo huomba msamaha kabla ya kinywa. Nikachuma isale mpakani mwa shamba langu, nikaenda kwa miguu mpaka kwake. Nilimkuta ameketi mlangoni, na sweta ya marehemu mumewe i magotini mwake. Alikuwa akiifumua, na mjukuu wake mdogo akiukunja uzi kuwa donge.

Nikamwambia, “Shikamoo, mama.” Akaitika, “Marahaba, Mchungaji, karibu.” Nikampa isale kwa mikono miwili, nikasema, “Mama, nimekukosea. Nilitangaza kwa kinywa cha Kanisa neno ambalo Kanisa halikunituma.”

Akanyamaza kitambo, akaendelea kuvuta uzi. Kisha akasema, “Mchungaji, hukunikosea mimi peke yangu. Wako waliokopa. Nao uwaombe.” Akalitwaa jani, akaongeza, “Hili nimelipokea. Mtoto huyu aliniuliza kwa nini nyumba yetu haina shada, nami namfanyizia. Lakini uzi wa mume wangu siuleti ushindanishwe na vitu vya dukani.”

Nilikuwa na mahubiri yangu ya Jumapili ya tatu mfukoni, yaliyokwisha kuandikwa. Nilipofika nyumbani niliyaweka kando. Jumapili ile niliungama mbele ya usharika kosa langu, nikalifuta shindano. Baada ya ibada nilikaa na wazee wa kanisa. Deni la mmoja tulilichangia sisi wenyewe, na yule mwingine akapewa na mkopeshaji muda wa kulipa baada ya kuuza kahawa. Mama yule alikuwapo, ameketi mahali pake pa siku zote. Shada lake hakulileta kanisani, wala mimi sikulitaja. Nilipopita njia ya kwake nililiona limetundikwa mlangoni, rangi ya kijivu na hudhurungi, na lile jani la isale limefungwa ndani yake.

Basi, kwa kuwa wengi wameniuliza baadaye jinsi shada la namna ile lifanyizwavyo, nalieleza hapa, ili walimu wapate kuwaonyesha akina mama na watoto.

Kwanza, duara. Twaa fito mbili au tatu mbichi za mti upindikao bila kuvunjika, uzikunje kuwa duara lenye upana wa shibiri moja na nusu toka ukingo hata ukingo, uzifunge kwa kamba za mgomba mahali pengi. Kisha lizungushie maganda makavu ya mgomba mpaka linenepe kama vidole vitatu vilivyowekwa pamoja. Asiye na migomba na akate duara katika boksi gumu, nalo lafaa.

Pili, uzi. Tafuta sweta iliyochakaa, ambayo hata maskini haivai tena. Kata uzi wa mishono inayounganisha mikono na kiwiliwili, ukiangalia usiukate ufumo wenyewe. Kisha tafuta mwisho wa uzi upande wa juu, uuvute polepole. Sweta nyingine za kiwandani mishono yake ilikatwa kwa mkasi, nazo hutoa vipande vifupi. Usizitupe, maana shada huvumilia mafundo. Uzi uliofumuliwa hujikunja-kunja. Uzungushe katika mgongo wa kiti, uufunge mahali pane usichanganyike, uuloweshe katika maji ya vuguvugu, uuanike ukining'inia na kitu kizito kidogo chini yake. Ukikauka utakuwa umenyoka. Kwa kawaida uzi wa mkono mmoja wa sweta ya mtu mzima hutosha shada moja.

Tatu, kazi yenyewe. Funga mwisho wa uzi nyuma ya duara, uupitishe katikati na kuurudisha nje, mzunguko kwa mzunguko, kila mmoja ukikaribiana na mwenzake hata maganda yasionekane. Uzi ukiisha, unga mwingine kwa fundo, na fundo likae nyuma. Usivute mno, duara lisipinde.

Nne, mashungi. Zungushia uzi vidole vyako vinne mara 40 au 50, uutoe, uufunge kwa nguvu katikati, ukate vitanzi vya pande zote mbili, uuchambue na kuupunguza kwa mkasi mpaka uwe shungi la mviringo. Fanyiza mashungi manne. Ukipata uzi wa zambarau, ndiyo rangi ya Majilio. Usipoupata, rangi yo yote yafaa. Usiyafunge yote siku moja. Kila Jumapili ya Majilio, jioni, jamaa wote wakiwapo, mtoto mmoja na afunge shungi moja, baba au mama asome sura fupi ya Maandiko, nanyi mwombe. Hivyo hata nyumba isiyo na mshumaa yaweza kuhesabu siku za Bwana.

Hapa nawaonya: uzi hushika moto. Msisimamishe mshumaa juu ya shada la uzi, wala karibu nalo. Mwenye mishumaa na aisimamishe katika mikebe yenye mchanga juu ya meza, na shada litundikwe mlangoni au ukutani mbali na moto. Tena mshumaa unaowaka usiachwe na watoto peke yao.

Sasa neno la mwisho. Afumuaye sweta huiharibu kwanza. Mshono hukatwa, umbo hupotea, na mtu apitaye njiani aweza kusema, Kwa nini waharibu? Lakini uzi haukupotea. Waoshwa, wanyoshwa, wapata kazi mpya. Ndivyo Bwana atendavyo nasi katika Majilio. Hayaji mapambo kwanza. Yaja toba kwanza. Hukata mshono wa kiburi chetu, huvuta uzi wetu uliojikunja kwa miaka, huuosha katika Damu yake, akatufanyizia jambo tusilolidhani. Mimi nilifumuliwa mlangoni pa mama yule, na iliniuma. Lakini namshukuru Mungu kwa maumivu yale kuliko kwa sifa zote nilizopata.

Nanyi walimu na wazee, kabla hamjatangaza neno lo lote mbele ya usharika, jiulizeni: Nani atakayeshindwa kuja kwa sababu ya neno hili? Yeye tumngojeaye alilazwa horini, kwa kuwa nafasi haikupatikana. Je, akija kwetu mwaka huu katika mjane na yatima, atakuta tena kwamba nafasi imejaa mapambo yetu?

Nawe uliye na kosa kwa mwenzako, usingoje Noeli. Katika mashungi yako manne weka nafasi ya jani moja la isale, ulipeleke kwanza.

Bwana aliyekuja, ajaye kwetu kila siku katika Neno lake, na atakayekuja kwa utukufu, azilinde nyumba zenu. Amina.