Kumwuguza Mgonjwa Nyumbani

Ugonjwa ni mgeni asiyebisha hodi. Huingia katika nyumba ya tajiri kama uingiavyo katika kibanda cha maskini, na ukisha kuingia, huwajaribu watu wote wa nyumba, si mgonjwa peke yake. Kwa hiyo, msomaji, ingawa leo u kijana na mwili wako una nguvu, si mapema mno kujiuliza: mtu mwenye mgonjwa nyumbani adaiwa nini, na ni lipi asilodaiwa? Swali hili limezungukwa na dhana za makosa kama mti uliozungukwa na miiba. Yafaa tufyeke miiba kwanza.

Dhana ya kwanza husema kuwa uuguzi wa nyumbani hauhitaji maarifa; mapenzi yatosha. Mapenzi ni jambo kubwa, lakini hayaoni gizani. Mama ampendaye mwanawe aweza kumnyima maji anapohara, akidhani kuwa maji huzidisha kuhara. Kumbe kinachoua upesi ni upungufu wa maji na chumvi mwilini. Mtoto huyo apaswa kunyweshwa mara kwa mara, kidogo kidogo, maji ya chumvichumvi itolewayo zahanati. Isipopatikana, lita 1 ya maji safi hutiwa vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Akilegea, apelekwe hospitali bila kukawia. Vile vile, mzee asiyeweza kujigeuza huota vidonda vya kulalia, na watu husema kuwa hiyo ni ada ya uzee. Sivyo. Uzito wa mwili hukandamiza nyama mahali pamoja hata damu ikose kupita. Kumgeuza kila baada ya saa 2 hivi, na kumweka mkavu, huzuia vidonda vingi.

Dhana ya pili husema kuwa kazi hii ni ya wanawake. Florence Nightingale wa Uingereza alipotoa kitabu chake cha uuguzi mwaka 1859, aliwaandikia wanawake waliokuwa na wagonjwa majumbani mwao, kwa kuwa desturi ya zama zake iliwatwika wao mzigo huo. Lakini desturi si sheria ya maumbile. Mkono wa mvulana haukuumbwa na kasoro ya kushika bakuli la uji, wala binti hakuzaliwa na deni ambalo nduguye hana.

Dhana ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: kwamba kuomba msaada wa mtu wa nje ni kumtupa mzazi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, yampa mzee haki ya kutunzwa na jamaa zake pamoja na Serikali. Haikumtwika mmoja peke yake. Mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 walianza kupewa vifaa, vikiwamo vya kupimia shinikizo la damu na sukari, ili wawafikie watu majumbani. Kumfungulia mlango mhudumu kama huyo si aibu. Aibu ni kuufunga kwa kiburi, hali mgonjwa anaumia. Auguzaye peke yake miezi mingi huchoka. Uchovu huzaa ukali, na ukali huo humwangukia mgonjwa.

Labda utasema, "Tukiruhusu hayo, watoto watanunua wajibu wao kwa fedha." Hofu hiyo ina haki. Basi tutenganishe mambo mawili. Kazi yaweza kugawanywa: kuosha, kugeuza, kupima, kupika. Kujali hakugawanywi. Mshahara hulipa mikono, lakini hakuna mshahara uwezao kununua uso wa mwana aliyeketi kando ya kitanda akisikiliza.

Mwisho, twaambiwa kuwa mgonjwa haulizwi uji. Methali hii ni njema: yatufunza tusicheleweshe wema kwa maswali ya bure. Lakini wako waigeuzao kuwa kufuli ya kinywa cha mgonjwa. Humwogesha mbele za watu, humhamisha, na hukata shauri juu ya matibabu yake bila kumwambia neno. Ugonjwa huweza kuondoa nguvu za miguu, hauondoi utu. Mtu mzima mwenye akili timamu, hata akiwa hawezi kuinua kikombe, angali mwenye mwili wake.

Basi, msomaji, siku mgonjwa atakapokuwa nyumbani kwenu, jifunze kabla hujagusa, omba msaada kabla hujachoka, na uliza kabla hujaamua. Hayo ndiyo unayodaiwa. Kuyabeba yote peke yako hukudaiwa kamwe.