Risasi Ndani ya Kitako

Bunduki inapofyatuliwa hurudi nyuma kwa sababu risasi na gesi ya baruti vimekwenda mbele. Isaac Newton aliichapisha kanuni hiyo mwaka 1687: kinachosukuma nacho husukumwa, kwa kiasi kilekile. Teke hilo hupokewa na bega la mpigaji.

Njia ya zamani ya kulipunguza ni kuongeza uzito. Fundi hufungua bamba la mwisho wa kitako, hutoboa mbao, hujaza marisau na kuyagandisha kwa gundi yasichezecheze. Kwa Kiswahili madini ya marisau hayo na kile kinachotoka mtutuni vyote huitwa risasi. Moja inakwenda kuua, nyingine inabaki kumlinda aliyeituma. Bunduki ya kilo 3.5 inayorudi kwa nishati ya jouli 20 hivi, ikiongezwa nusu kilo hurudi kwa jouli 17.5. Msukumo wenyewe haupungui. Kitu kizito zaidi husukumwa polepole zaidi.

Je, ni haki mtu kujipunguzia kishindo cha tendo lake, ilhali anayepigwa hapunguziwi chochote? Inaweza kudaiwa kwamba maumivu ya bega ni sehemu ya mwindaji katika anachomtenda mnyama, na kwamba anayeua bila kuumia ataua bila kufikiri. Hoja hiyo inagusa moyo, lakini inachanganya usawa wa Newton na usawa wa haki. Misukumo miwili ni sawa. Madhara si sawa hata kidogo. Risasi ya kuwindia ya .30-06 hutoka mtutuni na jouli zaidi ya 3,000, na bega hupata zile 20 hivi. Tena bunduki ndogo ya .22 karibu haina teke, nayo inaua. Maumivu ya bega hayajawahi kupima uzito wa kuua.

Lenye maana zaidi hutokea kabla ya mlio. Mwindaji anayeliogopa teke hufumba macho na kushtuka kidole kikivuta, na risasi iliyolengwa moyoni hutua tumboni. Mnyama hukimbia na jeraha, akafie kichakani baada ya saa nyingi. Hadithi ya Mtume iliyopokelewa na Shaddad bin Aws, iliyomo katika Sahih Muslim, inaagiza wema hata katika kuchinja: kisu kinolewe, mnyama asiteseke. Anayenoa kisu hajipunguzii dhima, anamfupishia mnyama mateso. Kitako kizito kinastahili kuhesabiwa katika fungu hilo, maadamu nia ni hiyo. Akikijaza ili apige risasi nyingi zaidi kwa siku bila kuchoka bega, hoja ya kisu haimsaidii.

Uzito huo hauji bure. Kitako kikizidi uzito, mdomo wa mtutu huwa mwepesi na hautulii upesi shabahani. Anayepiga akiwa ameegemeza bunduki mezani hasumbuki sana. Mwindaji huibeba nusu kilo hiyo kutwa nzima, mlima kwa bonde, hata siku asiyofyatua kabisa.